Msimu Tuliojaza Viti kwa Hasira

Jumamosi, 11 Oktoba

Msimu umefunguliwa. Nimepanda tena kwenye kibanda changu juu ya mlango wa mashariki, nikapangusa vumbi la kiangazi kwenye kinanda. Vidole vimekakamaa, lakini kazi ni ileile: kila mchezo unaposimama napiga muziki, watu wasije wakaanza kufikiria mabao tuliyofungwa.

Kabla ya kuanza, mwenye timu, Bwana Kessering, alitandikiwa zulia juu ya barafu akashuka kutuhutubia. Ni tajiri wa maghala huko Marekani. Tangu ainunue timu yetu ya Fisi Maji tumemwona mara chache sana, na mara zote amevaa viatu vya kiangazi. Alitusifu mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Port Sterling ni mji wa hoki ya barafu kwelikweli, mashabiki wetu hawana mfano duniani, na kadhalika. Huyu anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikawaza. Na kumbe. Mwishoni akatoa la moyoni: ukumbi wetu umepitwa na wakati, hauna vyumba vya wakubwa, na manispaa isipomjengea mpya kwa fedha za mji, kuna mji wa jangwani kusini mwa Marekani unaomsubiri na ukumbi tayari. Atabeba timu, jina, jezi, kila kitu.

Meya wetu, Bibi Kozak, alikuwa safu ya nne anakula karanga. Aliendelea kula karanga.

Njiani kurudi nyumbani, mume wangu Eino, ambaye ni mwenyekiti wa klabu ya mashabiki na hajaumbiwa sauti ya chini, alipiga usukani kofi.

"Fisi maji jangwani! Ataogelea nini, mchanga?"

"Endesha gari, mzee."

"Namuuliza yeye!"

"Yeye hayumo humu garini."

Tulishinda, tatu kwa moja. Hakuna aliyekumbuka kushangilia.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Tunamalizia bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, ambayo huku kwetu huja Oktoba. Eino amemtukana Kessering mbele ya bata.

Jumatano, 5 Novemba

Tumetoka kwenye kikao cha baraza la manispaa na kichwa kinaniuma. Kessering hakuja, alimtuma mtaalamu wake, kijana nadhifu mwenye picha za rangi. Ukumbi mpya utaleta ajira, utajaza hoteli, utajaza mikahawa. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kukubali kila neno. Nani asiyetaka timu ibaki?

Ndipo Meya Kozak akavua miwani.

"Bwana mtaalamu, mtu akija uwanjani akanunua soseji, je, angekaa nyumbani, hiyo hela angeila yeye mwenyewe?"

"Samahani, Mheshimiwa?"

"Si angekwenda kununua soseji kwa Lempi pale kona? Au angecheza bilioni na wenzake?" Alitaka kusema biliadi. Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Kwa hiyo hela imetoka mfuko wa kushoto imeingia mfuko wa kulia, halafu mji unabaki na deni la ukumbi mpaka wajukuu wetu wazeeke. Mabomba ya maji ya mtaa wa magharibi yanapasuka kila Februari. Hayo nayajenga lini?"

Wakapiga kura. Hapana, kwa wingi mkubwa.

Nilitoka nimefura. Mwanamke huyu hajui kupoteza kitu kunaumaje, anajua mabomba tu. Nje ya jengo nilimpita bila kumsalimia, mimi niliyemfundisha binti yake kinanda.

Jumamosi, 22 Novemba

Theluji ya kwanza, na uamuzi.

Kila Jumamosi alasiri wanaume wa klabu wanakuja kwetu kuoga sauna, kile chumba cha mvuke cha mbao alichojenga baba mkwe wangu kando ya ziwa. Wanaketi uchi kwenye mabenchi ya mbao, wanamwagia mawe maji, wanajipiga migongo kwa vicha vya matawi ya mti wa mbetula, na wanaamua mambo. Humo ndimo baba zao walimopanga mgomo wa bandari. Wafini wa mji huu, wajukuu wa wahamiaji, wanaamini kwamba neno likishakubaliwa kwenye mvuke halifutiki, kwa sababu mtu uchi hana pa kufichia uongo. Miaka yote hii ya ndoa nimejizuia kusema ninavyofikiri juu ya hilo.

Eino alitoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

"Tumekubaliana. Hakuna anayekanyaga uwanjani mpaka yule mwizi auze timu. Tutamkaushia. Tumeapa, mke wangu, wote."

"Na mimi?"

"Wewe ni mfanyakazi, nenda. Ila usipige kinanda kwa furaha."

Nilimpigia makofi, naandika ukweli. Nilimwona mwanamume hasa. Na kesho habari itakuwa imeshafika kila kona, maana huku Eino akisema jambo, mji mzima unasikia hata madirisha yakiwa yamefungwa.

Jumatano, 3 Desemba

Jamani, ukumbi mtupu una sauti. Nilikuwa sijawahi kusikia viatu vya kuteleza vikikwaruza barafu namna ile, wala kocha akikohoa. Wachezaji walitoka chumbani wakatazama viti, mmoja akamwuliza mwenzake kama wamekosea siku. Nilipiga wimbo wa kuwaingiza na sauti ikanirudia kutoka upande wa pili.

Cha ajabu, Kessering alikuwepo. Jumatano, theluji, timu dhaifu, naye yupo! Wakati wa mapumziko alizunguka akigawa chokoleti kwa sisi wafanyakazi. Alinishika mkono. "Mama, tupo pamoja katika kipindi hiki kigumu," akaniambia, na meno yote nje.

Mtu anayekula hasara hatabasamu hivyo. Chokoleti sikuila. Nimempa Eino bila kumwambia imetoka wapi.

Jumamosi, 13 Desemba

Watu wachache wa kuhesabika. Tumefungwa nne bila. Nimepiga kwa huzuni kama nilivyoagizwa.

Ijumaa, 19 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Renée Gauthier ndiye mkuu wa ofisi ya tiketi. Ni mwanamke mkavu, anavuta sigara chini ya kibao cha kukataza sigara, na kwa wiki kadhaa alikuwa hanisemeshi. Leo nimemkuta chumba cha kahawa kabla ya mechi, akanivutia kiti kwa mguu.

"Mama Rantala, nikuulize. Mumeo analipwa kiasi gani na Kessering?"

"Eti nini?"

"Maana kazi anayomfanyia hata mimi sijawahi kuiona. Bure kabisa?"

Nikamwambia ajieleze au nimmwagie kahawa. Akajieleza. Timu imefungwa na mkataba wa kutumia ukumbi wa mji kwa miaka saba zaidi. Kessering akiuvunja, analipa faini ya kumfilisi. Isipokuwa kwa jambo moja: wastani wa watu wanaoingia uwanjani msimu mzima ukishuka chini ya elfu nne, basi mji umeonyesha hauitaki timu, naye anaondoka bila kulipa hata senti. Na usiposhuka, akitaka kuondoka lazima kwanza awauzie watu wa hapa, kwa bei itakayopangwa na mkadiriaji asiye na upande.

"Kwa hiyo kila mtu anayebaki nyumbani…"

"Anamfungia Kessering mizigo," akasema Renée. "Na tiketi kununua haitoshi. Anayehesabiwa ni aliyepita mlangoni kwa miguu yake."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimesema! Nani anamsikiliza mtu wa tiketi? Nilimwambia mumeo sokoni, akaniambia mimi kibaraka. Mkataba wenyewe upo maktaba, juu ya meza, kwa yeyote anayetaka kusoma. Kozak ndiye aliyeweka hicho kifungu, enzi zile ni mwanasheria wa manispaa. Alipigana na mawakili wa timu majira mazima ya baridi."

Kozak! Yule wa mabomba.

Nilifika nyumbani nikamweleza Eino kabla sijavua koti. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ni nadra. Kisha akasema, "Ni uongo wa Kessering. Anataka tukanunue tiketi zake."

"Upo maktaba, mzee. Nenda kasome."

"Siendi kusoma. Nimeapa kwenye mvuke mbele ya wenzangu. Leo nikawaambie nini? Kwamba mke wangu kasikia kitu kwenye chumba cha kahawa?"

"Waambie mmekosea."

"Sijakosea! Nimesimama kwenye haki!"

"Umesimama kwenye haki na timu inaondoka!"

Akaenda kupasua kuni. Tuna kuni za kutosha mpaka mwakani. Nimemkasirikia na ninamhurumia, na nashindwa kuvitenga. Anaipenda timu hii kuliko mtu yeyote mjini, na ndiye anayeiua.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nyama ya nguruwe imekauka. Tumesemeshana kuhusu chumvi tu.

Jumamosi, 3 Januari

Nimefanya jambo ambalo mama yangu asingenisamehe.

Asubuhi nilikwenda maktaba, nikasoma mkataba mwenyewe, nikarudi. Alasiri wakaja wanaume, wakavua, wakaingia sauna. Nilisimama jikoni nikiwaza. Nje baridi ilikuwa ya kugandisha kope. Nikawaza tena: nje ni baridi ya kugandisha kope, na wao humo ndani wako uchi. Watakimbilia wapi?

Nikavaa koti, buti na kofia, nikavuka ua, nikafungua mlango wa sauna, nikaingia, nikaufunga nyuma yangu.

Mayowe! Wazee wanane, kila mmoja akakamata kicha cha matawi akakiweka panapostahili. Mzee Toivo Salmi alishika ndoo. Miwani yangu ikazibwa na mvuke pale pale, kwa hiyo kwa faida ya kumbukumbu naandika kwamba sikuona kitu.

"Aili!" akapiga kelele Eino. "Umerukwa na akili?"

"Nyamaza. Ninyi mnasema neno la humu ndani halifutiki. Basi nami nasemea humu humu."

"Mwanamke haruhusiwi saa hizi!"

"Nitoe basi. Simama unitoe."

Hakuna aliyesimama. Nikawaeleza kifungu chote, pole pole, jasho likinitiririka ndani ya koti. Nikawaeleza kuhusu tabasamu la Kessering na chokoleti zake. "Hata wewe umezila," nikamwambia Eino. Nikawaeleza kwamba kiapo chao kilikuwa cha kuokoa timu, si cha kukaa nyumbani, na kama kukaa nyumbani kunaiua timu basi kiapo chenyewe kinawadai waende.

Mawe yanachemka tu. Mwishowe Toivo akasema kutoka nyuma ya ndoo, "Ina maana tumekuwa wajinga?"

"Ndiyo, baba."

"Wote?"

"Na mimi niliyepiga makofi."

Akamgeukia Eino. Wote wakamgeukia. Nilijua anachokilipa pale, mbele ya wenzake, na nilitamani kumshika mkono, ila hali haikuruhusu.

"Jumatano kuna mechi," akasema Eino, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kwa sauti ya chini. "Nani ana gari kubwa?"

Jumatano, 7 Januari

Wamejaa mpaka ngazini! Eino amesimama mlangoni anamsalimu kila mtu kama baba wa harusi. Mchezo ulipoanza wakaanza kuimba "Uza timu! Uza timu!" nami nikawafuata kwa kinanda bila kuombwa. Tumefungwa, lakini nani anajali.

Ijumaa, 30 Januari

Kessering kapandisha bei ya tiketi karibu mara mbili. Renée kanionyesha tangazo na sigara mdomoni. Watu wanakuja na mikate yao toka nyumbani, wanakula mapajani, hawanunui hata maji. Wauguzi wa zamu ya asubuhi wanakuja, wa zamu ya jioni wanagawana siku. Wachezaji wa ule mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu wamehamisha mashindano yao yasigongane na mechi zetu, kitu ambacho hawajakifanya hata kwa msiba. Chuki inajaza viti vizuri kuliko mapenzi, nimegundua.

Jumatatu, 9 Februari

Theluji. Tumefungwa sita.

Jumamosi, 21 Februari

Bomba limepasuka mtaa wa magharibi, kama alivyosema. Asubuhi nimemkuta Meya Kozak pale barabarani, matope mpaka magotini, anawagawia mafundi chai. Niliwaza kupita. Nikasimama.

"Mheshimiwa, nilikupita Novemba bila salamu."

"Nilikuona."

"Nilikuwa na hasira."

"Mama Rantala, mji mzima ulikuwa na hasira. Chai?"

Nikapokea chai. Nikamwuliza kwa nini hakusimama redioni akawatangazia watu kuhusu kifungu chake wakati wa mgomo wa mashabiki.

"Nilitangaza. Mara mbili. Wakasema namtetea Kessering." Akapuliza chai yake. "Na nikuambie siri? Hoki siipendi. Sijawahi kuelewa kwa nini wanasimama, kwa nini wanaanza tena. Naenda uwanjani kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo watu wa mtaa wa magharibi na wa mashariki wanakaa benchi moja. Hicho kitu sina bajeti ya kukijenga upya."

Nilimtazama yule mwanamke niliyesema anajua mabomba tu, nikaona haya. Nimemwalika aje ale mchuzi wa nyama na viazi Jumapili. Eino alipoambiwa alinyoa ndevu.

Jumatano, 18 Machi

Mechi moja imebaki. Renée amepiga hesabu: ili wastani usimame, siku ya mwisho wanahitajika elfu tano na mia mbili. Ukumbi unachukua elfu sita. Inawezekana kabisa, isipokuwa ziwa litukasirikie na kutuletea dhoruba.

Jumamosi, 28 Machi

Ziwa lilitukasirikia.

Ilianza alfajiri, theluji ya kwenda kando, upepo unapiga kelele kwenye bomba la jiko. Barabara kuu ikafungwa kabla ya saa sita mchana, na watu wa vijijini, ambao ni robo nzima ya mashabiki wetu, wakawa wamekwisha kufungiwa huko. Eino alimpigia simu Meya. Nilisikia upande wake wote wa mazungumzo, maana alikuwa akipiga kelele.

"Tuletee magreda, Mheshimiwa! Barabara ya uwanjani tu!"

Sauti ikajibu kitu. Eino akakata simu.

"Anasema hospitali kwanza, halafu nyumba ya wazee, halafu sisi."

"Na wewe unasemaje?"

Alifikiri. "Nasema yuko sawa, mjinga mimi." Akachukua koleo la theluji, akawapigia akina Toivo.

Nilikwenda kwa miguu nyuma yao. Walianza kuchimba njia kutoka kanisani kuelekea uwanjani, wazee wanane. Watu wakatoka majumbani na makoleo yao bila kuitwa, kila mtu akachimba mbele ya mlango wake na kidogo mbele ya jirani. Wengine walikuja na mbao za kuteleza miguuni, wengine na pikipiki za theluji zenye watoto wamefunikwa mablanketi nyuma. Lempi wa soseji alifunga duka lake akaja. Meya alikuja akitembea, peke yake, karanga mfukoni.

Lakini mchezo ulipoanza viti vilikuwa na mapengo. Kutoka kibandani niliyaona, hapa na pale, mapengo meusi. Sikuweza kukadiria. Kule juu kwenye chumba cha kioo cha waandishi wa habari Kessering alikuwa amekaa na wageni wake wa jangwani, miguu mezani.

Timu ilicheza ovyo. Tulifungwa moja, mbili, tano. Niliendelea kupiga, lakini hakuna aliyekuwa akinisikiliza mimi wala kutazama barafu. Wote walikuwa wakitazama milango, na kila mlango ulipofunguliwa ukaingiza mtu mweupe kwa theluji, ukumbi ulimshangilia mtu huyo kama kafunga bao. Bibi mmoja aliyeingia na fimbo aliinama kushukuru.

Hapa kwetu, kipindi cha tatu, mtangazaji husoma idadi ya watazamaji. Hakuna anayemsikiliza kamwe, ni wakati wa kwenda msalani. Leo alipowasha kipaza sauti kikakwaruza, niliona jambo ambalo sijawahi kuliona: nahodha wetu aliinua mkono, mwamuzi akapuliza filimbi, na wachezaji wa timu zote mbili wakasimama na magongo yao chini. Kazi yangu ilikuwa kupiga kinanda pale. Sikupiga.

"Mabibi na mabwana. Watazamaji wa leo…" Renée ndiye aliyemkabidhi namba, nilimwona amesimama nyuma yake anauma kucha. "…elfu tano, mia nne na kumi na mmoja."

Siwezi kuandika ile sauti. Watu walirukiana. Toivo alimbusu Meya. Eino alikuwa ameketi chini kwenye ngazi, mikono usoni, mabega yanatikisika, nami nikaacha kinanda nikashuka ngazi zote zile na magoti yangu mabovu nikamkumbatia.

"Tumefungwa tano," akasema kwenye koti langu.

"Ndiyo, mpenzi. Tano moja."

Nilipoinua macho, kile chumba cha kioo kilikuwa kitupu.

Jumapili, 26 Aprili

Mji wa jangwani haukusubiri, umeshachukua timu nyingine, maskini wao. Kessering hana tena pa kwenda, ameuza kwa bei ya mkadiriaji. Manispaa haikutoa hata senti, Meya alisimama palepale. Wamenunua watu: wauguzi, wafanyakazi wa bandari, Lempi, sisi, maelfu ya hisa ndogo ndogo, na Renée ndiye msimamizi. Leo kumekuwa na mkutano wa kwanza wa wenye timu, kwenye ukumbi wa kanisa.

Eino alisimama wa kwanza, kifua mbele. Alitaka tiketi zishushwe bei, watoto waingie bure, wachezaji waongezwe mishahara. Makofi yakapigwa. Renée akasubiri yaishe.

"Vizuri, mzee Rantala. Na paa la uwanja linavuja sehemu tatu. Tulizibe kwa hela gani?"

Eino akafungua mdomo kumlaani mwenye timu. Nilimwona. Akatazama kushoto, akatazama kulia, watu wote wale na kadi zao za hisa mikononi. Akaufunga mdomo, akaketi, akaninong'oneza nihamishe mkoba wangu.

"Unatafuta nini?"

"Kalamu," akasema. "Wanaandikisha watu wa kupanda juu ya paa Jumamosi."